Turbo Kuna Nini? Siku Mbili za Mgeni Kutoka Pangani

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa upande wa tumbo: mgeni akifika, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba ambao kwa mwezi mzima wamelala na mboga za majani nao hupata kuonja kitoweo. Hata hivyo, lipo gonjwa jingine ambalo mgeni huliponya, nalo si njaa bali ni kutoona. Mtu aliyezaliwa mahali na kukulia papo hapo huyazoea mambo hata yakamtoweka machoni. Kilima hugeuka kuwa njia ya mkato, shimo likawa mahali pa kufungia ndama, na reli ikawa kamba ya kuanikia nguo ambayo mkoloni aliisahau. Hapo ndipo mgeni anapokuwa tabibu, kwa maana yeye huuliza.

Gonjwa hilo lilimdhihirikia mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Turbo, katika likizo ya Agosti mwaka wa 2024. Eldoret ilikuwa imekabidhiwa hati ya kuwa jiji tarehe 15 mwezi huo, na shamrashamra zilikuwa hazijatulia, wakati mwanafunzi huyo alipompokea mwenzake aliyetoka Pangani, mkoani Tanga. Wawili hao walikuwa wamejuana katika kongamano la wanafunzi wa Kiswahili, wakaahidiana kutembeleana. Matatu ilipouacha mji na kushika barabara kuu iendayo Malaba, mgeni aliyatazama mashamba ya mahindi yaliyotanda kulia na kushoto, kisha akauliza swali lililokuwa jepesi kinywani mwake.

"Kwenu kuna nini cha kihistoria, ndugu yangu?"

"Kwetu?" mwenyeji akacheka. "Kwetu hakuna cha kuona. Ni mahindi, reli na baridi."

Jibu hilo lilimwasha mwenyewe mara tu lilipomtoka. Mgeni alikuwa mtu wa Pangani, mji wenye boma kuukuu kando ya mto, wenye kumbukumbu za Abushiri aliyewakabili Wajerumani mwaka wa 1888, na wenye nyumba za milango ya nakshi ambazo watalii huzipiga picha. Isitoshe, ndani ya mkoba wa mwenyeji mlikuwa na karatasi ya zoezi la likizo. Mhadhiri wao alikuwa amewataka waandike, kwa Kiswahili sanifu, orodha ya vivutio vya kihistoria vya kaunti walizotoka, na kila kivutio kiambatane na maelezo mafupi. Juu ya karatasi ile palikuwa pameandikwa "Uasin Gishu", na chini yake hapakuwa na neno.

Nyumbani kwao mwenyeji ni karibu na reli, kiasi cha kilomita 35 kutoka Eldoret. Babu yake alikuwa ameketi barazani. Mgeni alimwamkia kwa adabu ya pwani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia umetoka Pangani. Pangani ile ya Tanga?"

"Hiyo hiyo, babu."

"Tanga nimefika," mzee akasema. "Tena nilifika kwa gari la moshi, kutoka hapa hapa Turbo."

Mgeni alidhani mzee anafanya mzaha. Naye mjukuu, aliyeishi katika nyumba hiyo miaka zaidi ya ishirini, hakuwa amewahi kuyasikia maneno hayo. Hakuwa amewahi kuuliza.

Ikumbukwe kwamba mzee aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki katika miaka ya sitini, enzi ambapo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na reli moja, posta moja na ndege za shirika moja. Kazi yake ilikuwa kuikagua njia: kukaza misumari, kubadilisha mataruma yaliyooza na kuondoa magugu. Mfanyakazi wa reli alipata nafasi ya kusafiri, naye aliitumia mara moja katika ujana wake. Alipanda Turbo, akapita Eldoret, akaupanda mlima hadi Timboroa ambako stesheni yake ilisifika kuwa miongoni mwa zilizo juu kabisa katika himaya yote ya Waingereza, akateremkia Nakuru na Nairobi, akafika Voi, akashika tawi la Taveta hadi Kahe, na kutoka hapo akaifuata njia ya Korogwe mpaka Tanga. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli ikagawanywa kama urithi wa ndugu waliogombana. Mzee alisema kwamba asubuhi moja waliamka wakaambiwa kuwa mabehewa yaliyokuwa upande huu ni ya Kenya na yaliyokuwa upande ule ni ya wengine. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka wa 1999, ila safari ile ya kutoka Turbo hadi Tanga kwa chuma haijafufuka.

"Basi kesho nitakuonyesha huyo ndugu wa Tanga," mzee akamwambia mgeni. "Amelala hapo nyuma ya mahindi."

Jioni hiyo nyanya wa mwenyeji aliwaletea ugali, mboga za sukuma na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa na kutiwa masizi ya mti. Mwenyeji akamtambulisha: "Huyu ndiye nyanya yangu." Mgeni akashindwa kuzuia kicheko, kwa sababu Pangani neno hilo hulinunua sokoni na kulipikia samaki, mama wa mama au wa baba humwita bibi. Ajuza alipofafanuliwa naye alicheka, akasema kwamba katika umri wake ameitwa majina mengi, na kuitwa tunda si baya kuliko yote. Kwa hivyo yeye akawa Nyanya kwa mmoja na Bibi kwa mwingine, na kila mmoja akamwitikia kwa upole ule ule.

Kulipopambazuka, safari ya kwanza ilikuwa ya kurudi Eldoret, kwa kuwa mzee alishikilia kwamba mtu hawezi kuielewa Turbo bila kuanza na mji ulioizaa biashara yake. Walisimama karibu na Mto Sosiani. Jina Eldoret, mzee alieleza, limetokana na neno la Kimaasai litajalo mto wa mawe, likavishwa mwisho wa Kinandi. Hata hivyo, jina la kwanza la mji huo lilikuwa nambari tu. Posta ilifunguliwa mwaka wa 1910 katika shamba nambari 64, na watu wakapaita Sixty-Four, nao wenyeji wakalitamka kwa ndimi zao, Sisibo. Wapo wasemao kuwa nambari hiyo ni ya maili kutoka stesheni ya Londiani. Mwaka wa 1912 gavana Percy Girouard akalitangaza jina la Eldoret. Mwaka huo huo ilifika benki ya Standard ya Afrika Kusini, na hapa kuna kisa ambacho mji mzima hukisimulia. Husemwa kwamba sanduku la chuma la kuwekea fedha liliporomoka kutoka kwenye mkokoteni, likawa zito mno kuinuliwa, na wenye benki wasione la kufanya ila kujenga kuta za benki kulizunguka pale lilipoangukia.

"Pesa zilichagua mahali pa kukaa," mzee akasema, "na watu wakazifuata."

Waliolileta sanduku hilo na majembe ya plau walikuwa Makaburu. Wachache walitangulia miaka michache kabla, lakini kundi kubwa, zaidi ya watu 200 wakiongozwa na Jansen van Rensburg, lilitoka Afrika Kusini kwa meli mwaka wa 1908, likashuka Mombasa, likapanda gari la moshi hadi Nakuru, kisha likakwea msituni na matopeni kwa mikokoteni ya maksai mpaka kufika uwandani mwezi wa Oktoba. Walilima ngano na mahindi, wakajenga makanisa na shule, na uhuru ulipokaribia wengi wao wakafunga mizigo na kurudi kusini. Kilichosalia ni mistari ya miti iliyopandwa mipakani, nyumba chache za mawe, na mashamba ambayo hadi leo hutajwa kwa majina ya watu wasiokuwapo.

Mgeni alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo lilimfanya mwenyeji ainame kidogo: "Na kabla ya Makaburu, nani alikuwa hapa?"

Swali hilo mzee hakulijibu kwa kinywa. Waliporejea Turbo aliwaongoza katika shamba la jirani, akaomba ruhusa, akawasimamisha ukingoni mwa shimo la mviringo lililoota nyasi. Upana wake ulipita mita kumi. Upande wa chini wa mteremko palikuwa na pengo kama mlango, na kando ya pengo kifusi kilichofunikwa na magugu. Mwenyeji alilijua shimo hilo vyema, maana utotoni alilitumia kucheza kibemasa. Hakujua kwamba wataalamu huliita shimo la Wasirikwa, na kwamba mashimo ya namna hiyo yametapakaa katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya.

Wazee wa Kikalenjin wanasimulia kuwa Wasirikwa walikuwa watu wa ng'ombe wengi waliokaa nchi hii kabla yao. Wazungu wa kwanza waliyaona mashimo wakadhani ni nyumba zilizochimbwa ardhini na kuezekwa juu. Mwanaakiolojia J.E.G. Sutton alipochunguza mashimo ya aina hiyo alionyesha kwamba yalikuwa mazizi. Ng'ombe waliingizwa shimoni usiku, mlango mmoja ukalindwa, na familia ikalala katika nyumba iliyoshikamana na zizi. Kila siku tope na samadi vilifagiliwa nje kupitia mlangoni, na takataka hizo za miaka mingi ndizo zilizofanya kifusi. Mfumo huo ulidumu kwa karne kadhaa, takriban tangu karne ya 12 au ya 13 hadi ya 18. Baadaye uwanda ulikaliwa na Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao huhusishwa na ng'ombe wenye milia. Nao walishindwa vitani na Wamaasai wenzao na Wanandi katika karne ya 19, wakatawanyika, na jina likabaki bila wenyewe.

"Kwa hiyo hawa walizika mali yao ili waibakize," mgeni akasema akilitazama shimo.

"Na mali ikaenda, shimo likabaki," mzee akajibu.

Uwanda huo uliobaki na majani marefu na watu wachache ndio uliowapumbaza waliokuja baadaye. Mwaka wa 1883 mtafiti Mskoti, Joseph Thomson, aliuvuka akielekea magharibi na akauona mtupu. Mzee hakuwa amesoma habari hizo, ila mgeni alikuwa amezisoma, na hapo zamu ya kufundisha ikageuka. Thomson, mgeni alieleza, hakupita peke yake. Wapagazi wake walikuwa wameajiriwa Zanzibar, na sehemu kubwa ya safari yake katika nchi ya Wamaasai aliifanya akiwa ameungana na msafara wa pembe za ndovu wa mfanyabiashara mmoja aliyezijua njia kuliko yeye. Mfanyabiashara huyo, Jumbe Kimemeta, alikuwa mtu wa Pangani. Miaka michache baadaye, mnamo 1887 na 1888, ndiye aliyemsindikiza pia Teleki, mwungwana wa Hungaria, hadi Ziwa Turkana.

Mzee alisimama akamtazama mgeni kana kwamba ndio kwanza anamwona. "Wewe ulisema umekuja kutalii," akasema. "Kumbe umerudi."

Hapana budi kulitafakari jambo hilo, hususan kwa wasomi wa Kiswahili. Ni mazoea kufundishwa kuwa Kiswahili kilienea bara kwa misafara, kisha kwa wamishenari, kisha kwa serikali. Wanafunzi hulikariri jibu hilo chumba cha mtihani na kupata alama zao. Lakini ni nadra mwanafunzi kujiuliza misafara hiyo ilikanyaga wapi. Misafara iliyokuwa ikielekea kwa Nabongo Mumia, Mumias, ilivuka nyanda hizi na milima hii, na huko Mumias Waswahili waliacha misikiti na ndoa. Neno "shikamoo" lililotamkwa katika baraza la Turbo mwaka wa 2024 lilikuwa limekwisha kusikika upande huu karne moja na zaidi kabla yake.

Mawazo ya kwamba nchi hiyo ni tupu hayakuishia kwa Thomson. Mwaka wa 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipendekeza kuwapa Wayahudi makao katika Afrika Mashariki, na ardhi iliyokusudiwa ikawa uwanda wa Uasin Gishu. Mpango huo uliitwa wa Uganda ijapokuwa ardhi yenyewe ni hii ya Kenya ya leo. Kongamano la sita la Wazayuni lilipiga kura mwaka huo huo kutuma wachunguzi, na watu watatu, Gibbons, Kaiser na Wilbusch, wakaja kuutembea uwanda mwanzoni mwa 1905. Katika kongamano la saba, mwaka wa 1905, mpango ukakataliwa. Almuradi, Turbo iliponea chupuchupu kuwa katika nchi nyingine kabisa, na hakuna hata mmoja wa waliokuwa wakilisha mifugo pembezoni mwake aliyeulizwa.

Habari hiyo ilimfikia nyanya jikoni, naye akatoka na mwiko mkononi. Yeye ni Mnandi. Alisema kwamba mwaka huo wa 1905 kwao hukumbukwa kwa jambo jingine. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyewaongoza Wanandi katika miaka ya kuwapinga Waingereza na reli yao, aliitwa kwenda kuzungumzia amani tarehe 19 Oktoba, na hapo Richard Meinertzhagen akamuua. Kaburi lake la heshima na makumbusho yake vipo Nandi Hills, si mbali sana kwa gari. Fimbo zake zilizochukuliwa Uingereza zilirejeshwa mwaka wa 2006, lakini fuvu lake wazee wangali wanalidai.

"Waliambiwa ni mazungumzo," nyanya akasema. "Andikeni hivyo hivyo."

Siku ya pili mzee aliwapeleka kwenye reli, kama alivyoahidi. Alieleza kuwa ujenzi wa njia ya Uasin Gishu kutoka Nakuru ulianza mwaka wa 1921, chuma kikafika Eldoret 1924, kikapita Turbo na kuingia Uganda, na mwaka wa 1931 gari la moshi likafika Kampala. Reli ilibeba mahindi na ngano za walowezi, lakini pia ilibeba watu: Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu na wengine waliokuja kutafuta kazi ya shamba na ya reli. Baada ya mpango wa ekari milioni moja kuanza mwaka wa 1962, mashamba makubwa yaligawanywa na wengine wakanunua vipande vyao hapa na upande wa Lugari. Hivyo ndivyo Turbo ilivyokuwa mahali pa mpakani, Uasin Gishu ikikutana na Kakamega na Nandi, na lugha tatu zikisikika katika foleni moja ya kisiagi.

Mzee mwenyewe ni mtu wa upande wa Mumias. Alipomposa binti wa Kinandi mwaka wa 1970 hakuwa na maneno kumi ya Kinandi, naye binti hakuwa na matano ya Kiwanga. Waliposiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, wakalea watoto saba kwa Kiswahili. Watu wa mjini hupenda kusema kwamba Kiswahili si lugha ya mama ya mtu yeyote wa bara. Katika nyumba hiyo hakuna lugha nyingine ambayo mama na baba wangeweza kuwaimbia watoto wao pamoja.

Usiku wa pili, mwenyeji alitandaza karatasi yake mezani na kuanza kuijaza. Aliandika Shamba Nambari 64 na sanduku la benki. Akaandika shimo la Wasirikwa. Akaandika njia ya misafara. Akaandika mpango wa 1903. Akaandika reli na Timboroa. Akaandika Koitalel, ijapokuwa Nandi ni kaunti nyingine. Akaongeza Kipchoge Keino na medali zake za dhahabu za Mexico mwaka wa 1968 na Munich mwaka wa 1972. Akaongeza Sugoi, katika eneobunge la Turbo, alikotoka William Ruto, aliyechaguliwa rais mwaka wa 2022 na ambaye amekuwa akisimulia jinsi alivyouza kuku kando ya barabara akiwa mtoto. Vikawa vivutio vinane. Mwenyeji akajisikia mtu tajiri.

Mgeni, ambaye alikuwa akitazamatazama chumbani, akauliza: "Bibi, na hii cherehani ni yako?"

Pembeni, chini ya kitambaa kilichofumwa, palikuwa na cherehani ya miguu, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefifia. Mwenyeji alikuwa ameiona kila siku tangu utotoni. Aliwekelea vitabu vyake juu yake. Nyanya hakujibu upesi. Aliondoa vitabu, akakunja kitambaa, akaketi.

"Si yangu," akasema. "Ina mwenyewe."

Alisimulia kwa ufupi. Palikuwa na jirani, fundi wa nguo, aliyeshona sare za shule za watoto wa Turbo. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, moshi ulianza kuonekana usiku huo huo. Siku ya mwaka mpya kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Turbo nayo ilichomwa, na kambi ya wakimbizi wa ndani ikawekwa hapa. Barabarani paliwekwa magogo, na watu wakaulizwa majina yao na lugha za mama zao. Waliojibu kwa Kiswahili waliambiwa kwamba hawakuulizwa hiyo. Jirani alikuja usiku na watoto wake na cherehani juu ya toroli. Kwa siku mbili alikaa chumba hicho hicho, kisha akaweza kufika kambini, na kutoka kambini akapanda lori. Cherehani haikuingia lorini. Alisema atairudia.

Makubaliano ya amani yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Tume iliyochunguza vurugu hizo ikahesabu waliokufa nchini kote kuwa zaidi ya 1,100. Kambi ilikunjwa, watu wakatawanywa, mahindi yakapandwa upya. Jirani hakurudi, na nambari yake ya simu iliacha kuita. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, nyanya huitia cherehani mafuta, akaikanyaga, akashona kipande kimoja cha kitambaa ili chuma kisishike kutu.

"Kwa nini hukuniambia?" mjukuu akauliza.

"Hukuuliza. Na mimi sikutaka uanze kumtafuta mbaya ni nani. Wengine unawasalimia kila siku."

Kimya kiliingia. Mwenyeji aliichukua kalamu, akaiweka chini. Je, cherehani ni kivutio? Neno lenyewe latokana na kuvuta, na kila kivutio lazima kiwe na anayevutwa. Sanduku la benki humvuta mtalii, shimo la Wasirikwa humvuta mtaalamu, na kaburi la Koitalel huwavuta Wanandi wote kwa kamba ya damu. Makumbusho nayo yatokana na kukumbusha, na hakuna akumbushwaye ila aliyekwisha kujua. Labda tofauti ndiyo hiyo: kivutio humleta asiyejua, ilhali kumbusho humrudisha ajuaye. Orodha za vivutio vya kaunti huandikwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Ni nani huandika kwa ajili ya yule wa pili?

"Nyanya," mwenyeji akasema hatimaye, "naweza kuiandika? Sitaitia jina la mtu."

Ajuza alifikiri. Mzee naye, aliyekuwa amenyamaza muda wote huo, alikohoa akasema kuwa mambo ya zamani yaandikwe, haya mengine yaachwe yapoe.

"Ya zamani ni yale ambayo wenyewe hawawezi kurudi," nyanya akamjibu mumewe. "Wasirikwa hawatarudi. Makaburu hawatarudi. Huyu anaweza kurudi. Mwandikie, mwanangu. Usiseme alikuwa kabila gani, usiseme aliyemfukuza ni nani. Sema ipo. Mwenyewe akisoma, au akisomewa, atajua."

Kisha akachukua shati la mgeni, ambalo upindo wake ulikuwa umefumuka safarini, akalipitisha chini ya sindano. Gurudumu likazunguka. Mgeni alisema baadaye kwamba katika siku mbili hizo aliona mengi, lakini upindo huo ndio atakaofika nao Pangani.

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakueleza mwenyeji anaponaje. Kwa mwanafunzi huyu kupona kulikuwa kujua kwamba swali la "kwenu kuna nini" huulizwa kwanza nyumbani, jikoni na barazani, kabla ya kuulizwa maktabani. Wazee wapo, nao hawasemi wasipoulizwa. Vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vina mamia ya wanafunzi waliotoka vijiji ambavyo havijaandikwa, na kila mmoja wao anayo lugha ya kuviandikia. Akiba ya namna hiyo haiozi, ila walinzi wake huzeeka.

Mhadhiri aliporudishiwa karatasi muhula ulipofunguliwa, alikuta vivutio vinane vilivyoelezwa kwa urefu, vikiwa na miaka yake na majina yake. Cha tisa kilikuwa kifupi:

"9. Cherehani ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia. Ipo Turbo, karibu na reli. Haiuzwi. Inashona. Mwenyewe anangojwa."